Mwalimu Asiyewaona Wanafunzi Wake

Sisi tuliosoma chuoni kwa kukaa mbele ya sheikh, kitabu kikiwa magotini, tunajua kwamba nusu ya kufundishwa ni kusikilizwa. Sheikh hakuridhika kusoma yeye peke yake. Alitutaka tusome, akatusimamisha penye kosa la matamshi, akaturudisha nyuma hata mara kumi. Leo mambo yamebadilika. Akina mama na mabinti zetu wanajifunza kushona, kupamba keki na kusuka vikapu kwa kutazama video kwenye simu. Wapo wazee wanaoona kwamba huko ni kupoteza wakati na bando, na wapo vijana wanaoamini kwamba simu inamtosha mtu kuwa fundi. Sisi ndugu watatu tumelitazama jambo hili kwa karibu kwa muda wa mwaka mmoja, katika nyumba ya dada yetu mkubwa, na tuliyoyaona huko hayakuwapa haki kamili wazee wala vijana.

Dada yetu alifiwa na mumewe. Akaingia edani, miezi minne na siku kumi, kama ilivyoamriwa katika Suratul Baqarah, aya ya 234. Kabla ya msiba alikuwa akitembeza khanga nyumba kwa nyumba, biashara ambayo haifanyiki na mtu aliye edani. Nyumba waliyokuwa wakiishi ni ya kupanga, na kodi yake hulipwa kwa miezi sita kwa mpigo. Tulijua yatakayokuja, kwani ndio tuliokabidhiwa daftari la kamati ya msikiti, na katika safu ya wajane tumeona mara nyingi jinsi mchango wa mwezi wa kwanza unavyokuwa mwingi, wa pili ukapungua, na wa tatu jina likabaki bila kitu mbele yake. Watu hawakuwa na roho mbaya. Kila mmoja ana mzigo wake.

Aliyeleta habari ya shanga ni binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili. Alikuwa ameona video za wanawake wa nchi za mbali wakifinyanga hereni na vidani kwa udongo wa polima, mezani pao, bila gurudumu la mfinyanzi wala tanuri la kuni. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Dubai akaombwa alete vipande kumi na viwili vya rangi mbalimbali, kila kimoja gramu 57.

Tuseme kidogo juu ya udongo huu, kwani jina lake linawapoteza wengi. Si udongo wa ardhini. Ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi na rangi, nao hubaki laini siku zote mpaka upate joto. Aliyeuendeleza kwa kazi za mikono huko Ujerumani ni binti wa Käthe Kruse, mtengenezaji mashuhuri wa wanasesere, na mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ikachukua haki ya kuutengeneza, ukauzwa kwa jina la FIMO. Kwa hiyo ni kitu tofauti na shanga za Kazuri za Nairobi, ambazo tangu mwaka 1975 zinafinyangwa kwa udongo halisi na kuchomwa katika tanuri lenye moto mkali. Udongo wa polima huiva kwa joto la oveni ndogo ya mezani.

Kabla kazi haijaanza lilizuka swali katika ukoo. Itakuwaje mjane aliye edani, aliyekatazwa kujipamba, akae siku nzima na mapambo mikononi? Swali lilikuwa la haki, nasi tukalijibu kwa tulichosoma: katazo ni la yeye kujipamba, na kazi ya mikono afanyayo ndani ya nyumba yake kwa ajili ya wengine si kujipamba. Yeye mwenyewe akaweka mpaka ulio mkali kuliko jibu letu. Kila hereni ilijaribiwa kwenye sikio la binti yake. Katika miezi ile yote hatukumwona hata mara moja akiipeleka hereni karibu na uso wake ili ajitazame kiooni.

Video zilianza kutazamwa baada ya Alasiri, sauti ikiwa imezimwa. Kisa cha kwanza ni muziki. Cha pili ni kwamba maneno yalikuwa ya Kiingereza, na dada alisema mikono inatosha kumfundisha mwenye macho. Na kwa kweli mikono ile ilimfundisha mengi. Alijifunza kuukanda udongo hadi ulainike na kuacha kupasuka pembeni. Alijifunza kuanza na rangi nyeupe na kuishia na nyekundu na nyeusi, kwa sababu nyekundu huacha doa vidoleni na doa hilo huharibu nyeupe. Alijifunza kutoboa ushanga kwa sindano akiizungusha polepole, nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande wa pili, ili tundu lisitoke na mdomo.

Lakini palikuwa na jambo ambalo mikono haikulisema. Katika video moja ilitokea namba 275 kama joto la kuokea, na oveni ya nyumbani mwisho wake ni 250. Dada akadhani oveni yake ni dhaifu. Binti ndiye aliyeona herufi F ndogo pembeni ya namba ile, akachukua daftari lake la fizikia, akatoa 32, akazidisha kwa tano na kugawa kwa tisa: nyuzi 135 za Selsiasi. Lau oveni ile ingekuwa na uwezo wa kufika 275 na ikawashwa hivyo, udongo ungeungua na kutoa gesi ya asidi inayochoma macho na koo, ndani ya chumba wanamolala watoto. Video ilimwonesha mwanafunzi wake namba, na haikuwa na njia ya kujua kwamba mwanafunzi huyo yuko katika nchi ambako joto hupimwa kwa kipimo kingine.

Hata baada ya hesabu hiyo, shanga za kwanza zilipodondoka sakafuni zilikatika kama biskuti. Kwa macho zilikuwa nzuri, hazikutofautiana na zile za kwenye simu. Tukanunua kipimajoto cha oveni, na hapo siri ikafichuka: kitufe kiliposomeka 130, ndani palikuwa na 105. Udongo haukuwa umeiva. Tangu siku hiyo dada hafuati kitufe, hufuata kipimajoto na maandishi ya pakiti. Huzipanga shanga juu ya karatasi iliyokunjwa mikunjo ili zisibonyee, chini yake kigae cha sakafuni ambacho hakitumiki kwa chakula, na juu yake hufunika kwa foili. Huoka nusu saa, mara moja kwa wiki, zote kwa pamoja, ili umeme wa luku usiliwe ovyo. Na kila mara huoka pia ukanda mwembamba wa majaribio. Ukipinda bila kuvunjika, shanga zimeiva.

Mkaguzi mkali kuliko wote alikuwa mama yetu. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, haoni simu wala rangi, lakini vidole vyake vimezungusha tasbihi kwa miaka mingi kuliko umri wetu. Dada alikuwa akimwekea shanga kwenye sinia, naye huzipitia moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. "Huu una tumbo," husema, akauweka kando. "Huu unauma." Ushanga unaouma ni ule ambao mdomo wa tundu haukulainishwa, nao ukitungwa hukata uzi baada ya wiki chache. Sinia la kwanza alizirudisha zaidi ya nusu. Dada alinyamaza, akazichukua, akaenda kuzisugua kwa msasa wa maji, namba 400, kisha 600, kisha 1000, na mwisho kwa kipande cha jinzi kuukuu. Waliotengeneza zile video hawakupata kumwambia kwamba shanga zake zina tumbo. Wasingeweza kumwambia, kwa kuwa hawakuziona.

Kazi ilipotulia, dada alipata soko lake mwenyewe. Wasomaji wanajua ada ya sare katika harusi zetu, wanawake thelathini katika kitambaa kimoja. Hereni za dukani hazilingani na rangi ya kitambaa ila kwa bahati. Udongo wa polima huchanganywa mpaka rangi ilingane. Alijifunza njia inayoitwa kwa jina la Judith Skinner wa Marekani: pembetatu mbili za rangi mbili hupangwa kuwa mstatili, zikasukumwa, zikakunjwa, zikasukumwa tena kwa upande uleule, mpaka rangi moja iyeyukie katika nyingine bila mpaka kuonekana. Alijifunza pia kupanga vijiti vya rangi kuwa gogo lenye ua ndani yake, kisha kulivuta liwe jembamba na kulikata vipande, kila kipande na ua lilelile, kama mafundi wa kioo wa Venice walivyofanya tangu zamani. Maombi ya sare yalikuja moja, kisha mawili.

Mwezi wa mwisho wa eda, kodi ikiwa imebaki wiki tatu, alitujia mfanyabiashara anayeuzia watalii. Kwa kuwa dada yu edani, alizungumza nasi barazani. Alikuwa ameona shanga nyekundu za dada na zile za manjano zilizopenyeza mwanga, na alitaka nyuzi arobaini, kwa bei ambayo ingelipa nusu ya kodi kwa mara moja. Sharti lake lilikuwa dogo. Tusiandike chochote kwenye kadi. Yeye atasema nyekundu ni marijani na za manjano ni kaharabu.

"Mgeni hajui marijani wala nini," alisema.

Tulimfikishia dada maneno hayo kama yalivyo, na pamoja nayo tukamkumbusha tarehe ya kodi, kwa sababu uamuzi ulikuwa wake na ilikuwa haki yake kuujua uzito wote. Alikaa kimya kitambo. Kisha akajibu kutoka ndani, "Mgeni hajui, lakini mimi najua. Mwambieni nitampa nyuzi arobaini, na kila kadi itaandikwa udongo wa polima."

Mfanyabiashara akacheka, akaondoka, hakurudi. Jioni ile tulikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka na kukuta unyevu chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke juu watu wauone. Hatukumsomea dada hadithi hiyo, maana alikuwa ameshaitekeleza. Kodi ililipwa kwa tarehe yake. Sehemu ilitoka kwenye hereni za sare, na iliyobaki tulichangishana sisi ndugu, na mmoja wetu akauza baiskeli.

Basi tunawaambia nini wasomaji wetu? Kwa wazee tunasema, msiwazuie mabinti wanaojifunza kwa simu, kwani mikono ile ya mbali ilimfundisha dada yetu kazi ambayo hakuna mtu mtaani mwetu angeweza kumfundisha, tena bila ada. Kwa vijana tunasema, video inaonekana lakini haioni. Kila nyumba yenye mwanafunzi wa namba hii inahitaji mtu wa kusoma herufi ndogo, mtu wa kutazama kipimajoto, na mtu mwenye vidole visivyodanganyika ambaye hataogopa kurudisha sinia. Anayezoea kuambiwa ukweli juu ya kazi yake nyumbani hupata wepesi wa kumwambia mnunuzi ukweli uleule. Tunaamini kwamba sinia la mama lilikuwa na sehemu katika jibu lile lililotoka ndani.

Dada ametoka edani, anaishi kwa kadiri, si kwa utajiri. Khanga anauza asubuhi na shanga anatengeneza jioni. Jumamosi wanakuja kwake wanawake wawili kutoka safu ile ya daftari letu, wanatazama video pamoja, na yeye anakaa pembeni akitazama mikono yao. Oveni moja haiwatoshi. Tuliwasilisha suala hilo kwenye kikao cha kamati, likakubaliwa bila mabishano. Kipimajoto cha pili kimeshanunuliwa. Oveni inangoja mchango wa Ijumaa ijayo.