Dembo la Kafubu na kitabu cha Pascalet

Katika darasa langu la mwaka wa sita, hapa Katuba, tunasoma kitabu cha Kifaransa kinachoitwa L'Enfant et la rivière. Aliyekiandika ni Henri Bosco, na kilitoka mwaka 1945. Nakala ni moja tu, yangu mimi, kwa hiyo nasoma kwa sauti na watoto wanasikiliza. Ni hadithi ya Pascalet, mtoto wa mashambani kusini ya Ufaransa. Karibu na nyumba yao kuna mto, na wazazi wamemkataza kabisa kufika kule. Ninyi wazazi mnajua kinachofuata. Anaenda. Mtumbwi mbovu unamchukua, anakutana na mtoto mwenzake, Gatzo, na wote wawili wanakaa siku kadhaa wamejificha mahali ambapo maji yametulia, wakisikiliza ndege na wanyama wa usiku.

Tulipofika pale, mtoto mmoja akauliza: "Madamu, na huku kwetu iko mahali kama pale?"

Nikamjibu kwamba iko, na kwamba lengalenga aliyokula na bukari jana labda ilitoka kule.

Nilituma karatasi kwa wazazi kuomba ruhusa. Mama mmoja alikuja mwenyewe mpaka mlangoni pa darasa. "Madamu, sisi tunawafukuza watoto mtoni, na wewe unawapeleka?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye dembo kuna mbu, kuna nyoka, kuna mashimo yaliyojaa maji, na kichocho huingia mwilini kupitia ngozi ya mtu anayekanyaga maji yenye konokono wanaokibeba. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja ambaye ameambiwa tu "usiende" ataenda siku moja na wenzake, na hakuna atakayemwonyesha pa kukanyaga na pa kuacha. Basi tuliweka sheria: viatu vya kufunika mguu, hakuna mkono wala mguu ndani ya maji, na mtu mzima mmoja kwa watoto watano. Mama yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha kutusindikiza.

Tuliondoka siku ya posho asubuhi, nusu ya darasa, tukaelekea kusini ya mji kwenye bonde la Kafubu. Kwa wasiolijua neno: dembo ni ile sehemu ya chini ambako maji ya mvua hukusanyika na kukawia. Miti ya miombo inaishia ukingoni, kama imekatazwa kuvuka, kwa sababu udongo ule unashiba maji na mizizi ya miti mikubwa inakosa hewa. Katikati kunabaki majani marefu na matete. Wakati wa mvua dembo linakunywa, wakati wa kiangazi linatoa kidogo kidogo. Ndiyo sababu mwezi wa nane, wakati milupango yetu imekuwa vumbi tupu, kule mboga bado ni kijani.

Ndege aliyewashinda wote siku ile ana mwili wa kahawia, shingo nyeupe na paji la bluu. Wafaransa wanamwita jacana. Vidole vyake ni virefu kupita kiasi, na kwa vidole vile anatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Niliwaeleza watoto habari za nyumba yake: jike hutaga mayai, kisha huondoka kutafuta dume mwingine. Dume ndiye anayeatamia, ndiye anayelea vifaranga, na hatari ikija huwabeba chini ya mabawa, miguu yao mirefu ikining'inia nje. Mvulana mmoja akasema, "Basi huyu baba anafanya kazi ya mama!" Watoto walicheka. Wamama watatu tuliokuwa nao walicheka zaidi, na sitaandika hapa waliyosema.

Kereng'ende walikuwa wengi. Watoto hupenda kuwakamata na kuwafunga uzi. Nilipowaambia kwamba kereng'ende akiwa bado mdogo huishi ndani ya maji na hula vibuu vya mbu, uzi ulirudi mfukoni.

Nkambo mmoja anayelima pale alituonyesha kambale ndani ya ndoo. Samaki huyu ana kiungo juu ya matamvua ambacho kinamwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anaishi katika maji machafu yenye matope, na usiku wa mvua anaweza kujikokota juu ya ardhi yenye unyevu kutafuta dimbwi jingine. Nkambo alisema amekutana naye mara nyingi katikati ya matuta ya mboga. Watoto waliamini kwa sababu ni yeye aliyesema. Kitabu changu cha zoolojia kilikuwa kinasema hivyo hivyo tangu zamani.

Tuliporudi darasani nilichora ubaoni njia ya maji. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu unaingia Luapula, Luapula unapita katika vinamasi vikubwa na kufika ziwa Mweru, kisha Luvua inayachukua maji mpaka Lualaba, pale Ankoro. Watoto walinyamaza walipoona kwamba samaki wa Kasenga na Kilwa tunaowanunua sokoni wanaogelea katika maji ambayo mengine yalipita hapa kwetu. Samaki wengi hukulia kwenye vinamasi, penye chakula na pa kujificha. Kwa sababu hiyo Zambia hufunga uvuvi huko kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari.

Lualaba nao una vinamasi vyake, upande wa Bukama, na watu wameishi navyo tangu zamani sana. Kwenye ziwa Kisale wavuvi hujenga vibanda juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Kando ya ziwa hilo, mahali panapoitwa Sanga, wataalamu walichimba mwaka 1957 na kukuta makaburi ya miaka elfu moja iliyopita, yenye vyungu na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo. Niliwasomea hilo, na msichana mmoja akauliza kama ni mama zao waliovifinyanga. Sikuwa na jibu.

Kuna mambo mengine tuliyaona bondeni. Watu wanachimba udongo wa matofali, shimo baada ya shimo, na nyuma yao nyumba zinafuata mahali ambapo maji yatarudi tu. Siwalaumu, kila mmoja anatafuta pa kulala. Halafu kuna madini. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mjini mwaka 1911, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mboga za masoko yetu na kukuta kobalti na madini mengine ndani yake. Kuosha majani mara kadhaa kwa maji safi kunaondoa vumbi la juu, lakini kilichopandishwa na mizizi hakiondoki kwa maji. Hilo linatakiwa kushughulikiwa huko juu, kwa wanaomwaga maji ya viwanda.

Nusu ya pili ya darasa itaenda siku ya posho ijayo. Tunaondoka saa moja kamili, kabla jua halijawa kali. Bado natafuta wamama wawili wa kutusindikiza, na jozi sita za buti, namba 34 mpaka 37, za kuazima. Nkambo ameomba tusikawie: wachimba matofali wamebakisha matuta manne kufika kwenye yungiyungi.