Jina la Mama kwenye Kitabu cha Nyegina

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa katibu wa ukoo wetu. Kabatini kwangu, Mwisenge, Musoma, nilitunza karatasi ya manila yenye vizazi saba, kuanzia kwangu hadi kwa mzee aliyefungua itongo letu kule Butiama. Wote wanaume. Aliyeniuliza asili yetu nilimjibu bila kusita: sisi ni Wazanaki, hatukutoka popote.

Kauli hiyo ilimuumiza mtu. Familia moja ya Kisukuma ilikuwa imelima jirani yetu zaidi ya miaka thelathini, kwenye shamba walilopewa kwa mdomo na wazee wetu. Baba yao alipofariki, waliomba kumzika palepale. Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema wakuja hawazikwi penye makaburi ya wenyeji, kwa kuwa kaburi ni hati. Wakamsafirisha marehemu wao usiku. Nami nililala usingizi mzito.

Mwaka uliofuata mwanangu aliniomba mwaka wa kuzaliwa wa babu yangu. Kwetu miaka imo ndani ya majina. Baba yake Mwalimu Nyerere, Chifu Nyerere Burito, aliitwa Nyerere kwa sababu ya viwavi waliovamia mashamba alipozaliwa. Kambarage, jina la Mwalimu mwenyewe, ni la mzimu wa mvua. Uingereza parokia ziliamriwa na Thomas Cromwell tangu 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na mkulima wa kijijini huko aweza kuwafuata mababu zake karne baada ya karne katika vitabu hivyo. Sisi tulisubiri hadi Mapadre Weupe walipofungua misheni ya Nyegina mwaka 1911. Jina la babu halikuwa na mvua wala viwavi, basi nikapanda bodaboda kwenda Nyegina.

Katekista alinifunulia kitabu cha ubatizo, chenye Kilatini cha mwandiko wa kulala. Nikamwona babu, 1929, na jina la baba yake, lilelile la kwenye manila. Pembeni palikuwa na safu ambayo sikuwahi kuiwaza: mama. Jina lake liliandikwa Ng'wana, kisha wino umefifia, zimebaki herufi mbili za mwisho. Ng'wana ni Kisukuma, mtoto wa fulani. Nikapitisha kidole juu ya neno hilo mara tatu.

Kesho yake nilikuwa Bunda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Mama yake babu alikuwa nani?"

"Marahaba, baba. Miaka yote hii umekuwa ukiwauliza wanaume tu."

Akanisimulia kama alivyosikia kwa bibi huyo mwenyewe. Sotoka ya miaka ya 1890 ilimaliza ng'ombe, njaa ikafuata. Aliletwa akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mjomba wake, akaachwa kwa vikapu viwili vya ulezi ili wadogo zake waliobaki wale. Akalelewa hapa, akapewa ukoo, akaolewa kwetu. Na mtu akishapewa ukoo ni mwiko kumtajia alikotoka.

"Tulikuwa tunamlinda," shangazi akasema.

Nikauliza alizikwa wapi. Akanitazama kwa muda.

"Lile kaburi la chini ya mkuyu. Ndilo la kwanza pale. Wengine wote walimfuata yeye."

Makaburi ya wenyeji! Nilirudi Musoma bila kusema neno na aliyeketi kando yangu.

Kikaoni nilisimama tena, nikaifuta kauli yangu mbele ya walewale walioisikia. Wazee wawili hawajanisalimia hadi leo kwa kuvunja mwiko, na uchungu wao naujua. Kisha nikaenda kwa kijana mkubwa wa ile familia. Sikumwomba asahau. Baba yake amelala mbali, na hilo nimelifanya mimi. Nilimweleza tu kuhusu kitabu.

Alinyamaza, jembe liko begani. Halafu akauliza, "Ng'wana nani?"

Nikamwambia wino umefifia, nikamwandikia zile herufi mbili mchangani. Akaweka jembe chini, akachuchumaa, akaanza kunitajia majina ya kwao, moja baada ya jingine.