Kabla ya kulipa, tuulize: picha hii itafunguka kesho?

Wamama wapendwa, wengi kati yetu hatushiki kompyuta, lakini wote tunalipa kazi inayofanyika ndani yake. Tunalipa picha za watoto za mwisho wa mwaka wa masomo, picha za ndoa, picha za komunyo ya kwanza. Na hapa Butembo, sawa na kule Beni, tunalipa sana picha za kilio. Juma hili tunapenda kuwaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, ili lisiwapate ninyi.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Oicha na watoto wake wanne. Mume wake aliuawa. Mama alifika hapa na vitenge viwili na simu iliyopasuka kioo. Ndani ya simu mlikuwa picha moja tu ya baba wa watoto, iliyopigwa kwa haraka mbele ya mlango wa nyumba. Tulichanga feza, tukaenda kwa kijana mmoja wa studio. Kijana alifanya kazi nzuri: aliangaza uso, akaondoa ukuta wa nyuma, akamvalisha marehemu koti na tai, akaandika jina lake na tarehe chini. Tuliichapisha, tukaitia katika fremu, ikawekwa mbele siku ya misa. Faili alitupatia katika flashi, nasi tukaiweka katika kabati la kikundi. Miezi michache baadaye simu ya mama iliibiwa. Hatukuhangaika. Tulisema: picha iko kwenye flashi.

Mwaka uliofuata, mvua ilipenya bati na kuharibu ile fremu. Mama aliomba tuchapishe nyingine. Tukarudi kwa kijana yule. Akatuambia: «Mama Mwalimu, faili ni hii, lakini programu yangu imefungwa. Kaka yangu aliye Kampala ndiye alikuwa ananilipia kila mwezi kwa karte yake ya benki. Ameacha kulipa.» Tulikwenda studio ya pili. Wao walikuwa na programu ya zamani, ikakataa faili kwa sababu ilitengenezwa na programu mpya kuliko yao. Studio ya tatu ikaifungua, lakini maandishi yalibadilika sura na uso wa marehemu ulikuwa mweusi. Mama alikuwa amekaa pembeni akitazama. Hakusema neno. Sisi ndio tuliona haya, kwa maana sisi ndio tuliomwambia asiwe na wasiwasi.

Tulipofika nyumbani tulianza kuulizia sababu, na haya ndiyo tuliyofahamu.

Programu inayojulikana kuliko zote kwa kutengeneza picha ni Photoshop, ya kampuni ya Adobe ya Marekani. Ilitoka mwaka 1990. Kwa miaka mingi watu waliinunua mara moja, na waliyonunua ilibaki yao. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena kwa namna ile. Kila mtu atalipa abonema, ni kusema malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Ukiacha kulipa, programu inafungwa. Kampuni nyingine zilifuata njia hiyo hiyo.

Sisi wa likirimba tunaweza kuelewa hesabu hii upesi. Katika likirimba unatoa feza kila juma, lakini zamu yako inafika, nawe unabeba. Katika abonema unatoa kila mwezi na zamu yako haifiki kamwe. Tuchukue mfano wa dola 10 kwa mwezi: ni dola 120 kwa mwaka, na dola 600 kwa miaka 5. Tena kuvunja mapatano si rahisi sikuzote. Mwezi wa 6 mwaka 2024 serikali ya Marekani iliishitaki Adobe, ikisema kwamba haikuwaonyesha wateja waziwazi ada ya kuacha mapema. Kama wateja wa kule walilalamika, sisi tunaolipa kwa karte ya ndugu wa mbali tuwe waangalifu zaidi.

Jambo la pili ni aina ya faili. Kila programu ina lugha yake ya nyumbani: Photoshop inaandika PSD, na GIMP inaandika XCF. Faili za namna hiyo zinahifadhi picha kwa matabaka, moja juu ya jingine: uso, koti, maandishi. Programu nyingine inaweza kusoma lugha ya jirani, lakini si kila neno. Kama mashine haina herufi zilizotumika, inaweka nyingine. Kama haitambui marekebisho ya mwanga, inayaacha. Ndiyo sababu uso ulikuwa mweusi. JPEG, kinyume chake, inafunguka karibu kila mahali, hata katika simu, lakini matabaka yote yanakuwa kitu kimoja, na hayatenganishwi tena.

Wapinzani wa programu za kulipa kila mwezi wapo. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ni ya bure, na ukiisha kuiweka katika kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Photopea ni kazi ya kijana mmoja, Ivan Kutskir. Inafunguka katika intaneti, nayo inasoma PSD. Canva, ya Australia, ilianzishwa na mwanamke, Melanie Perkins, pamoja na wenzake. Alipokuwa mwanafunzi alifundisha wengine programu za picha na kuona jinsi zilivyo ngumu. Canva ina upande wa bure na upande wa kulipa.

Hatusemi kwamba ya kulipa ni mbaya. Kijana anayetafuta kazi katika nyumba ya uchapaji ataulizwa kama anajua Photoshop. Mwenye wateja wa kutosha, na alipe. Lakini picha ya mjane isitegemee malipo ya mtu mwingine.

Turudi kwa mama yetu. Katika ile studio ya tatu mlikuwa binti mmoja anayesoma informatike. Siku ya pili alituita. Alikuwa ameanza kuondoa matabaka, moja moja: maandishi, tai, koti, mwanga. Chini kabisa ilikuwapo picha ya kwanza, kama ilivyotoka katika simu: baba yule mbele ya mlango wake, shati la kazi, mkono mmoja juu ya fremu ya mlango. Binti akauliza kama amrudishie koti. Mama akasema: «Hapana, mwanangu. Huyu ndiye.» Ndiyo iliyochapishwa.

Tangu siku ile kikundi kimekata maneno haya. Tukilipa picha, tunadai faili tatu: picha ya kwanza isiyoguswa, faili ya matabaka, na JPEG ya mwisho. Tunauliza ni programu gani, na ni nani anayeilipa. Hatukubali programu iliyoibwa. Mara nyingi inaleta virusi vinavyokula hati zote. Na nakala hazikai katika kabati moja: moja iko hapa kwetu, nyingine kwa wenzetu wa Beni. Ni kilomita zaidi ya 50, na njia tunaijua wote. Yaliyopotea upande mmoja yapatikane upande mwingine.

Siku ya posho, baada ya mkutano, leteni flashi zenu na simu zenye picha za wapendwa wenu. Binti yule atakuwapo na kompyuta yake, na GIMP imekwisha kuwekwa. Tutafungua picha moja moja, na ile isiyofunguka tutaitafutia dawa kabla siku ya kuihitaji haijafika.