Ulizeni upepo kwanza

London

Ndugu zangu wa Wasini na Mkwiro,

Kila anayejiandaa kuja huku hutaka kujua baridi ni nyuzi ngapi. Hesabu yenyewe haitishi: mchana wa Januari hapa hufika kama nyuzi 8, usiku 2 au 3. Lakini nyinyi ni watu wa kisiwa ambacho mwaka wake huhesabiwa kwa kaskazi na kusi. Kusi ikikaza mwezi wa Julai, mvuvi anayerudi kutoka Kisite akiwa amelowa hutetemeka, ilhali hewa ni nyuzi 25. Upepo juu ya nguo mbichi ndio unaomtesa, na ndio utakaowatesa huku. Hewa ya nyuzi 5 ikipulizwa kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi huihisi kama sufuri. Na pepo za huku si za mchezo: tarehe 18 Februari 2022 dhoruba ya Eunice ilivuma kwa kilomita 196 kwa saa pale The Needles, kwenye kisiwa cha Isle of Wight, kasi ambayo England haikuwahi kuipima kabla. Mvua nayo hupotosha watu. London hupata kama milimita 600 kwa mwaka, pwani ya Kwale hupita 1,000. Ila masika yetu humwagika kwa kishindo, kisha jua likaanika kila kitu. Ya huku ni manyunyu ya mwaka mzima, na Desemba, mchana ukiwa na saa 8 tu, suruali ya jinzi iliyolowa asubuhi hushinda mbichi hadi jioni.

Mtaniambia sokoni Kongowea kuna makoti mazito ya mitumba kwa bei nafuu. Yapo, lakini koti zito la kitambaa hula kilo za sanduku, hunywa maji, na ndani ya majengo yenye joto humtoa mtu jasho atakalotoka nalo barabarani. Hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo inayohifadhi joto, kwa hiyo fulana ya kubana ya mikono mirefu, sweta ya sufu, na juu yake koti jepesi lisilopitisha maji hulishinda koti hilo zito. Akina mama wanaohofia buibui wasiwe na wasiwasi: taitsi nene na sweta hukaa chini yake, koti juu, na mtandio hukinga masikio vizuri. Pindo tu lipandishwe, maana linaloburura hunyonya maji ya njiani.

Na msidhani baridi ni ya kudumu. Tarehe 19 Julai 2022 pale Coningsby palipimwa nyuzi 40.3, joto ambalo hata kwetu hatukulizoea, tena katika nyumba zilizojengwa kulizuia lisitoke. Kikoi na kanga zina kazi huku pia.

Kwa hivyo mnaomwandaa kijana wa chuo kwa safari ya Septemba, mwacheni koti alinunue huku, kwenye maduka ya hisani yanayouza nguo zilizovaliwa. Pesa zenu mnunulieni soksi za sufu na viatu imara visivyopitisha maji.

Wasalaam.