Chupa ya Mama

Nyote mnajua kungoja mzigo wa nyumbani. Sisi, mke na mume, Januari ya mwaka 2008 tulikuwa tukingoja chupa ya lita moja na nusu ya mafuta ya nazi. Mama aliyapika mwenyewe Makunduchi: alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Kwenye simu alitwambia, "Nimeijaza mpaka mdomoni, wanangu." Akampa mwenzetu mmoja wa hapa hapa Fittja aliyekuwa akirudi kutoka likizo.

Chupa ilipofika, mafuta yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa, na yameishia mabegani. Shingo tupu, na katikati pamebonyea shimo. Fundo la mfuko nalo halikuwa la mama.

Tukatazamana. Neno "mwizi" hatukulitamka, ila tulizunguka jirani yake. Tulijiona wajuzi wa baridi, maana msimu wetu wa kwanza huku tulisahau chupa ya maji roshani usiku mmoja, asubuhi tukaikuta imepasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Basi tukajisemea: kitu kikiganda huongezeka, haya yamepungua, kwa hiyo yamepunguzwa.

Kwa wiki mbili tulimkwepa yule bwana. Tukimwona Fittja centrum tunajifanya tunachagua nyanya. Baya zaidi, tulimnong'oneza jirani katika chumba cha kufulia nguo, na habari za chumba cha kufulia mnazijua zinavyosafiri.

Aliyetuumbua ni binti yetu wa darasa la tano, ambaye wiki ile ile shuleni walikuwa wakifundishwa hali za maada. Alieleza kwa Kiswidi, nasi tukamtafutia maneno yaliyokuwa yamelala vichwani mwetu tangu shule ya msingi: yabisi, kimiminika, gesi, umbo, ujazo. Yabisi ina umbo lake na ujazo wake. Kimiminika kina ujazo wake, lakini umbo hukiazima chombo. Gesi haishiki umbo wala ujazo, hujaza popote itakapopata nafasi, ndiyo maana harufu ya udi wetu huwafikia watu wa ghorofa ya juu, na wameshalalamika.

"Lakini ujazo wa kitu hicho hicho unabadilika kikiganda," akasema, "uzito haubadiliki." Akaiweka chupa kwenye mizani ya jikoni, akaandika gramu, akachora mstari kwa kalamu pale mafuta yalipoishia. Kisha akaisimamisha ndani ya ndoo ya maji ya moto. Tukakaa tunaitazama kama televisheni. Mafuta yakaanza kung'aa pembeni, shimo likajifunika, na kidogo kidogo yakapanda, yakavuka mstari, yakaingia shingoni mpaka mdomoni, kama mama alivyosema. Tukaikausha, tukaipima. Gramu zile zile.

Kumbe kioja ni maji, si mafuta. Vitu vingi vikiganda, chembe zake husogeleana na kubanana kama abiria wa daladala, ujazo ukapungua. Chembe za maji hujipanga kwa kuachiana nafasi, ndiyo maana barafu ni nyepesi kuliko maji na huelea. Ziwa la Albysjön hapa chini hufunikwa juu, samaki wakaendelea na maisha yao chini. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24 hivi. Jikoni kwetu ni 20. Makunduchi mwezi huo yangebaki maji matupu.

Jioni ile tulimimina nusu lita kwenye chupa ya jamu, tukaijaza mpaka kifunikoni, tukavuka uwanja kwenye baridi kumwendea yule bwana. Tukamweleza yote, pamoja na ya chumba cha kufulia. Alinyamaza muda. Kisha akasema kwamba uwanja wa ndege mzigo ulizidi kilo, akafungua mfuko kupanga upya, akaacha viatu alivyomnunulia mwanawe ili chupa ya mama ipite.

Hatukuwa na la kujibu. Tukampa chupa. Mafuta yalikuwa yameshaanza kuwa meupe pembeni na kushuka. Akaiinua kwenye taa ya ngazi, akaitazama kwa makini.

"Ilikuwa imejaa hii?" akauliza.