Twendeni Siyu kwa Mwana Kupona

Mnatafuta mtoko wa wawili usioishia ufukweni? Kutoka mji wa Lamu, pandeni boti hadi kisiwa cha Pate, mfike Siyu, penye ngome ya mawe. Mji huu uliwahi kutawaliwa na Bwana Mataka, mumewe Mwana Kupona. Mwaka 1858 hivi, akiwa mjane na mgonjwa, mama huyu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa beti zaidi ya 100: namna ya kuishi na Mungu, na watu, na mume.

Lahaja ni ya huko huko visiwani: mji ni muyi, nchi ni nti. Ukiusoma kimya unakupita, ukighaniwa unakuingia. Basi hata mkiwa mbali, Dubai au London, kutaneni na wenzenu mtandaoni, msome kwa zamu, na mwenye lahaja yake awasahihishe matamshi.

Ila msiitikie tu "ndiyo mama". Mwana Kupona anamtaka mke amtii mumewe kwelikweli. Je, wapenzi wa leo, mnakubali? Someni ubeti, kila mmoja aseme lake. Mkibishana, sawa: wosia ni wa kuzungumzwa, si wa kufungiwa kabatini.