Jumamosi na Celica, Kinondoni

Wengi mtadhani ni mume wangu aliyeitaka. Hapana, ni mimi. Toyota Celica nyekundu, milango miwili, pua kama ya papa. Nimeiota tangu niko chuo. Akiba yetu ilikuwa ya kumwaga msingi wa nyumba Goba, lakini moyoni nilishaamua kwamba Goba inaweza kusubiri.

Basi Jumamosi tukashuka Barabara ya Kawawa, mwendokasi yakitupita katikati, hadi kwenye yadi moja isiyo mbali na Mkwajuni. Tulimchukua na fundi wetu wa Mwananyamala. Usiende kununua gari bila fundi wako, hata kama muuzaji anakuita "dada yangu" kila baada ya neno.

Maswali yangu yalikuwa yale yale ya kila mtu. Bado zinatengenezwa? Toyota waliacha mwaka 2006, kwa hiyo ukiagiza Japani leo, hata ya mwisho kabisa utailipia ushuru wa uchakavu. Je, ndiyo ile ya Safari Rally? Jina tu. Celica iliyoshinda 1984, 1985 na 1986 ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na GT-Four ya miaka ya 90 ilitumia yote manne. Hii iliyotoka 1999 inavutwa na ya mbele tu. Kwa foleni ya Morocco inatosha sana!

Na spea? Fundi alicheka. Injini ya 1ZZ ni ndugu na ile ya Premio na Allion za sisi 1800, kwa hiyo Gerezani hukosi kitu. Kilio ni bodi. "Ukivunja taa ya mbele, shemeji, utaisubiri kama mshahara wa tarehe 40."

Kisha akachomoa kijiti cha oili. Kikavu. Injini hizi za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Muuzaji akasema ni kawaida ya gari za spoti. Fundi akakanyaga mafuta, nyuma ukatoka moshi wa bluu. Hakusema kitu, akafuta mikono.

Nikataka kuiendesha hata hivyo. Jamani, ile gari ni tamu! Unakaa chini kama uko mkekani, usukani mwepesi, vijana wa bodaboda wanakugeukia. Tuta la kwanza likakwangua tumbo lake, krrr, nikajifanya sijasikia. Muuzaji alikaa mbele, mume wangu nyuma, magoti yamegusa kidevu. Ni mtu wa futi sita, na hakulalamika hata kidogo.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Tulikuwa hatujamwambia mtu.

Tunarudi yadini akauliza taratibu kutoka huko nyuma, "Mama, kiti cha mtoto kitapitia wapi?"

Hajawahi kuniita hivyo. Hakuna aliyewahi.

Nikarudisha ufunguo. Fundi tukampa hela yake ya soda na nauli, sisi tukanunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili, tukala tumesimama kando ya barabara. Niligeuka kuiangalia mara moja. Sawa, mara tatu.